Maneno ya Tangazo Huchagua Waombaji

Aghalabu waajiri hudhani kwamba uteuzi wa wafanyakazi huanza siku barua za maombi zinapofunguliwa. Sivyo. Uteuzi huanza tangazo linaposomwa, na anayeachwa wakati huo hajulikani kamwe, kwa kuwa hakuandika barua yoyote.

Mwaka 1973 Sandra Bem na Daryl Bem, wataalamu wa saikolojia wa Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Matangazo ya kazi za shirika la simu yaliandikwa kwa namna tatu. Kazi za ufundi, kama ule wa nyaya, zilitangazwa kwanza kwa lugha ya kuwaita wanaume, kama ilivyokuwa desturi. Kisha kwa lugha isiyobagua. Na mwisho kwa lugha ya kuwaita wanawake. Wasichana waliovutiwa walikuwa takriban 5, 25 na 45 katika kila 100. Nyaya na nguzo ni zile zile. Kilichobadilika ni maneno.

Uchunguzi wa Danielle Gaucher na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulieleza sababu. Matangazo yaliyojaa maneno ya ushindani na utawala hayakuwavutia sana wanawake. Hawakutilia shaka uwezo wao. Waliona tu kwamba hapo si mahali pao.

Katika Kiswahili neno fundi halimtaji mume wala mke. Hata hivyo lugha hii haina kinga. Tangazo linalodai “kijana shupavu” halielezi kazi, bali sura iliyomo akilini mwa mwajiri. Lingesema “awezaye kupanda nguzo na kuunga nyaya”, kila msomaji angejipima kwa kazi yenyewe.

Siku hizi, kwa njia ya intaneti, tangazo moja laweza kutolewa kwa namna mbili na waombaji wakahesabiwa kwa gharama ndogo. Hata darasani jaribio hili lawezekana: matangazo mawili ya kazi moja, yaliyogawiwa kwa kura, na hesabu ya walioipenda kazi hiyo.

Basi asemaye kuwa wanawake hawaombi kazi za ufundi, hana budi kulichunguza kwanza tangazo lake. Taifa lenye uhaba wa mafundi haliwezi kumudu kuwafukuza mlangoni wale ambao bado hawajabisha hodi.