Kuskii si Kuteleza

Waandishi wenzangu, kuna kitenzi kimoja nataka tukizike leo: "kuteleza", kila kinapotumiwa kuelezea mchezo wa skii. Mara ngapi umesoma ati fulani "aliteleza kwenye theluji"? Mama akitoka kisimani na mtungi, akateleza, tunampa pole. Anayeshuka mlima kwa kasi ya gari la barabara kuu hatumpi pole, maana anajua anachofanya.

Na anafanya nini? Hapo wengi wetu hunyamaza, tukaiachia picha kazi. Haya, sikilizeni. Skii haigeuzwi kwa kuzungusha mabega, bwana. Inageuzwa kwa uzito. Ukitaka kukata kona kushoto, unaulemeza mguu wa kulia, ule wa nje ya kona. Magoti yanalala kuelekea ndani, makali ya chuma ya skii ya nje yanauma theluji. Na kwa kuwa skii ni nyembamba katikati kuliko mbele na nyuma, inapinda kama upinde na kuchora duara lake. Kiwiliwili hakilali pamoja na miguu. Kinabaki juu ya mguu wa nje, kifua kikitazama bondeni. Makanga aliyesimama ndani ya matatu anajua nusu ya somo hili bila kufunzwa: gari likikata kushoto, mguu wa kulia ndio hubeba mzigo.

Nusu ya pili ndiyo ngumu. Kati ya kona moja na nyingine, mguu wa nje unageuka kuwa wa ndani, kwa hiyo uzito sharti uhame. Kuna nukta ambapo skii zote mbili zimelala bapa, haziumi popote. Hapo woga hukunong'oneza: rudi nyuma, uegemee mlima. Ukiusikiliza umekwisha. Uzito ukienda visiginoni, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, hazishiki, na skii zinakimbia na wewe. Salama iko kule kule unakokuogopa: muundi ukandamize buti kwa mbele, mwili ukubali kwenda bondeni.

Ujuzi wote huo, sisi tunauita kuteleza! Wanorwe wa Telemark, kina Sondre Norheim wa karne ya 19, hawakuona haya. "Slalomu" ni neno la Kinorwe, na dunia nzima imelimeza. Sisi hata "kuskii" inatukwama kooni.

Hasara yake si ya kamusi tu. Philip Boit wa Kenya aliposhindana mbio za kilomita 10 kule Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, kilichobaki midomoni mwa watu ni kicheko, na ile picha ya bingwa Bjørn Dæhlie akimngojea amkumbatie. Picha nzuri, sikatai. Lakini nani alitueleza ni kitu gani mkimbiaji huyu alilazimika kujifunza upya miguuni tangu aende mazoezini Finland mwaka 1996? Miaka 20 baada ya Nagano, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alishuka mteremko wa Pyeongchang kwa jina la Kenya. Yaleyale: maajabu, binti wa Pwani na theluji! Kona zake nani alizitazama? Ukimwandika mtu kama kioja, umemnyang'anya kazi yake.

Mtaniambia theluji si yetu. Sawa. Hata bahari si ya mtu wa Machakos, lakini hathubutu kuandika kwamba nahodha "alielea" mpaka Lamu. Anauliza tanga hugeuzwaje, ndipo anaandika.

Wazee walisema kuteleza si kuanguka. Mimi naongeza: kuskii si kuteleza. Kabla hujashika kalamu, uliza mguu upi umebeba uzito.