BARAZA YA VIJANA: Ni Nani Ashikaye Mfuko?



Vijana watano wakiketi chini ya mwembe wakapatana kuwa wao sasa ni chama, kazi haijesha. Limebaki swali livunjalo vyama vingi: mali ni ya nani?

Usukumani walilijibu zamani. Vijana wa kijiji walimchagua mwenzao awe nsumba ntale, naye akawaongoza kwenda kulima shamba la mwenye haja. Ujira ulikuwa wa wote, na asiyefika alitozwa faini. Hapakuwa na daftari, wala hapakuwa na asiyejua hesabu, maana ujira wenyewe mara nyingi ulikuwa nyama, ikaliwa mbele ya macho ya wote. Vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilikuwa na njia nyingine: kijana humfuata bingwa wake, na ushindi ni kuwavuta watazamaji. (Dawa za kuwavutia hatuwausii.)

Siku hizi mpira umeshika nafasi hiyo. Stand United ya Shinyanga ilianzia kwa vijana wa stendi ya mabasi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka 2015 ilipata ufadhili wa kampuni ya madini ya Acacia, na baada yake ukazuka mfarakano: hawa wataka kampuni, wale washikilia uanachama. Neema ikageuka fitina! Geita Gold, iliyopanda mwaka 2021, ni mali ya halmashauri. Hapo mwenye mali hana mshindani, lakini kijana ni mchezaji au mshangiliaji tu.

Wasiocheza wana vikundi vya kazi. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati yake ni ya vijana. Mikopo hiyo haina riba. Aliyejizuia kwa khofu hiyo na ajue. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Kikundi hutakiwa kusajiliwa, kiwe na katiba na akaunti ya benki. Enyi mlio machimboni, andikeni katika katiba fungu la mwanachama ahamapo, kwani dhahabu ikisikika kwingine watu huondoka usiku mmoja. Watia saini wasiwe ndugu wa nyumba moja. Na kitabu cha hesabu kisilale kwa mshika fedha. Kilale kwa katibu.