Tuonyesheni karatasi za hesabu

Ndugu vijana wa Kindu, kaka na dada wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Intaneti imerudi. Tangu tarehe 31 Desemba, kesho yake ya uchaguzi, hadi tarehe 19 Januari, walitufungia. Ujumbe haukutoka, picha hazikuingia, hata RFI iliondolewa kwenye redio. Sasa simu zimefunguka, kila mutu ananunua mega kidogo, na kitu cha kwanza tunachotumiana ni matusi. Tunatukanana sisi kwa sisi, watoto wa mtaa mumoja tuliosoma pamoja na tunaovuka Lualaba katika mtumbwi mumoja.

Juu ya hiyo tumeamua kuandika. Tunaandikia yule anayecheka, yule anayelia, na yule anayesema hataki tena kusikia neno "kura".

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokwenda. Tulichagua tarehe 30 Desemba 2018. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Januari, CENI ilitangaza: Félix Tshisekedi kura 7,051,013, sawa na asilimia 38.57, Martin Fayulu kura 6,366,732, asilimia 34.83, Emmanuel Ramazani Shadary kura 4,357,359, asilimia 23.84. Fayulu alikwenda kwenye Korti ya Katiba kuomba kura zihesabiwe upya kwa mkono. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20, Korti ilimkatalia. Kesho, tarehe 24, raisi mpya anaapishwa Kinshasa.

Hapa Kindu vijana wamepokea habari hiyo kwa mioyo mingi tofauti. Tunataka kuongea na kila mumoja.

Kuna wewe unayefurahi. Tunakuelewa. Aliyechagua kwa mara ya kwanza na miaka 18 alikuwa bado anatambaa wakati Joseph Kabila aliingia madarakani, Januari 2001. Maisha yake yote alijua raisi mumoja. Tangu 1960 hatujaona raisi mumoja akimpokeza mwenzake kiti bila risasi ama mapinduzi. Mobutu alipindua mwaka 1965, akapinduliwa 1997, na Laurent-Désiré Kabila aliuawa kwenye kiti chake. Tena hili jina la Tshisekedi lina historia. UDPS ilianza 1982, wengi walifungwa na kupigwa juu yake, na mzee Étienne aliyekufa Februari 2017 bado mwili wake uko Bruxelles, haujarudishwa kuzikwa kwao. Kuona mtoto wake anaapishwa si jambo ndogo. Furaha yako si ujinga.

Kuna wewe unayelia juu ya Shadary. Hapa kwetu muko wengi, na hatutakucheka. Shadary njo mtoto wa Maniema, alikuwa gavana wetu, na uliona kama safari hii zamu yetu imefika. Lakini tuulizane kwa upole: hii Maniema imekosa watoto wake karibu na kiti kweli? Mama yake Joseph Kabila ni wa jimbo letu. Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu tangu 2012 hadi 2016. Shadary mwenyewe alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Na leo, ni barabara gani ya lami inatoka Kindu mpaka Bukavu ama Kisangani? Treni inakuja siku gani? Mfuko wa simenti unauzwa hapa bei gani, na juu ya nini? Mtoto wa kwetu kuwa juu hakujatuletea barabara. Kwa hiyo usimchukie jirani yako eti juu hakumchagua mtoto wa kwetu. Hakukunyima kitu.

Kuna wewe uliyemchagua Fayulu na unasema wameiba kura yako. Hasira yako iko na msingi. Maaskofu wa CENCO walituma waangalizi karibu 40,000 katika inchi nzima, na tarehe 10 Januari walisema wazi kwamba matokeo ya CENI hayalingani na yale waangalizi wao walikusanya. Gazeti la Financial Times lilichapisha hesabu kutoka makaratasi yaliyovuja, zikimpa Fayulu karibu asilimia 59. Tarehe 17, Umoja wa Afrika uliomba matokeo ya mwisho yasitangazwe kwanza kwa sababu ya mashaka makubwa. Korti haikungoja. Siku hiyohiyo ya hukumu, SADC na maraisi wa inchi za jirani walianza kutuma pongezi. Mutu anayeona haya yote na kubaki na maulizo si muasi. Ni raia.

Na kuna wewe, pengine muko wengi kuliko wote, unayesema: "Niliwaambia. Kura ni bongo. Tangu zamani wanapanga kule juu." CENI inasema waliochagua ni asilimia 47.56. Maana yake zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakutia kura, na wengine walinyimwa hiyo haki. Beni, Butembo na Yumbi uchaguzi umesukumwa hadi Machi, Ebola na usalama zikatolewa kuwa sababu, wakati raisi atakuwa ameshaapishwa. Watu zaidi ya milioni 1.2 walioandikishwa kule hawamo katika hesabu ya raisi. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe: kati ya wa kwanza na wa pili kuna tofauti ya kura 684,281. Wale walioachwa inje ni karibu mara mbili ya tofauti hiyo. Na bado, tarehe 30, vijana wa Beni walipanga foleni, wakajitengenezea makaratasi yao, wakachagua, ili dunia ione kwamba wanaweza. Hao hawakusema kura ni bongo. Tuwaangalie hao kwanza kabla ya kukata tamaa.

Sasa utauliza: na ninyi, muko upande gani?

Tuseme ukweli, hata ndani yetu hatukuchagua mutu mumoja. Usiku wa tarehe 10 wengine wetu walipiga kelele za furaha, wengine walizima redio wakaenda kulala bila kusema neno. Hatutaficha hiyo. Lakini kuna kitu kimoja tulikubaliana wote, na njo tunakileta mbele yako.

Kura haikuwa ya Tshisekedi, wala ya Fayulu, wala ya Shadary. Ilikuwa ya yule aliyesimama kwenye foleni. Na mwenye kura ana haki ya kuonyeshwa hesabu.

Hiyo hesabu iko. Si kitu cha kubuni. Kumbuka namna tulichagua: uligusa mashine, ikatoa karatasi, ukaitia katika sanduku. Jioni, masanduku yalifunguliwa ndani ya kila ofisi ya kuchagulia, kura zikahesabiwa kwa mkono mbele ya mashahidi wa vyama na waangalizi. Kisha matokeo yakaandikwa kwenye PV, na mashahidi wakatia sahihi. Sheria inaomba matokeo ya kila ofisi yabandikwe pale inje ili kila mutu asome. Kutoka pale karatasi zinakwenda kwenye kituo cha kukusanya matokeo, kisha Kinshasa. Kwa hiyo ile namba kubwa ya mamilioni ni jumla tu ya karatasi ndogo, moja moja, kutoka Kindu, Kasongo, Kibombo, Punia na inchi nzima.

Tukipewa hizo karatasi ndogo, mabishano yanaisha. Mutu wa Alunguli atatafuta ofisi yake, ataangalia kama namba aliyoiona ukutani jioni ya tarehe 30 njo iko kwenye orodha ya Kinshasa. Kama ni sawa, wale tunaoshuku tutanyamaza, na raisi mpya atatawala akiwa na uso safi. Kama si sawa, tutajua ni wapi na ni kiasi gani. Lakini mpaka leo tumepewa jumla tu. Hata mama anayeuza muhogo sokoni hawezi kukubali kupewa jumla bila kuhesabiwa makuta mkononi.

Sikilizeni vizuri, juu hapa njo tunatofautiana na wanasiasa. Fayulu anaomba hesabu kwa sababu anajiona mshindi. Sisi tunaiomba hata kama ingeonyesha kwamba Tshisekedi alishinda kwa haki. Na wewe unayemfurahia raisi mpya, unapaswa kuidai kutushinda, kwa faida yake. Raisi anayesemwa kila siku kwamba alipewa kiti na yule aliyetoka hawezi kumkatalia kitu yule aliyetoka. Tayari muungano wa FCC wa Kabila umetangaziwa zaidi ya viti 300 juu ya viti 500 vya Bunge. Ni nani atamtegemea mwenzake? Raisi anahitaji nguvu inayotoka kwa raia, na hiyo nguvu inaandikwa kwenye PV.

Sasa tujilaumu na sisi. Miaka ine yote, tangu Januari 2015 vijana walipokataa sheria ya uchaguzi iliyotaka kumwongezea Kabila muda, tulidai kitu kimoja: uchaguzi ufanyike, Kabila aende. Watu walikufa juu ya hiyo. Thérèse Kapangala aliuawa Kinshasa Januari 2018, Rossy Mukendi mwezi uliofuata. Tulijifunza kudai uchaguzi. Kulinda hesabu hatukujifunza. Tarehe 30 jioni, wengi wetu tulichagua tukarudi nyumbani kulala. Kila kijana mwenye simu angebaki pale, angepiga picha ya ile karatasi ukutani, angeiweka vizuri hata bila intaneti, leo tungekuwa na hesabu ya Kindu yetu wenyewe, bila kungojea maaskofu wala gazeti la inje. Hatukufanya hiyo. Hiyo kosa ni yetu, na hatutairudia.

Kwa hiyo tunadai na tunaomba mambo matatu.

Moja. CENI itoe matokeo ya kila ofisi ya kuchagulia, inchi nzima, kwa raisi na kwa wabunge, mahali kila raia anaweza kuyasoma. Kiapo cha kesho hakifuti hii deni. Na watu wa Beni, Butembo na Yumbi waambiwe wazi sauti yao juu ya raisi iko wapi.

Mbili. Kila mwenye picha ya matokeo ya ofisi yake, ama shahidi wa chama chochote aliyebaki na nakala, aichunge. Usiitupe, usiiuze, usibadilishe kitu juu yake. Tuwekane pamoja, wa UDPS, wa FCC, wa LAMUKA na wasio na chama, tulinganishe ofisi kwa ofisi, hapa Kindu. Namba haina kabila wala chama.

Tatu. Tufungue macho juu ya kura inayokuja, juu bado uchaguzi haujaisha. Wabunge wa jimbo, hapa hapa Kindu, njo watachagua maseneta wetu, kisha gavana na makamu wake. Sisi hatutapiga kura hiyo. Wao watapiga kwa jina letu, watu wachache ndani ya chumba kimoja, na kila mutu anajua makuta yanavyotembea siku kama hizo. Tujue majina ya wabunge wetu. Tuwaulize mbele ya watu watachagua nani na kwa sababu gani. Tuwe pale, kwa amani, siku ile. Kama tunalia juu ya hesabu ya Kinshasa na tunaacha kiti cha gavana kiuzwe mbele ya mlango wetu, basi kilio chetu ni cha bure.

Hatuiti mutu kurusha jiwe. Kikwit watu walikufa baada ya matokeo kutangazwa, na hakuna hata mumoja kati ya wale wakubwa watatu aliyezika mtoto wake juu ya hiyo. Maisha ya kijana wa Kindu ni zaidi ya kiti cha mutu yeyote. Lakini amani si kunyamaza. Katiba yetu, kifungu cha 64, inaweka juu ya kila Mkongomani wajibu wa kuzuia mutu anayechukua madaraka kwa nguvu ama kuyatumia kinyume cha Katiba. Kuomba kuonyeshwa hesabu njo sehemu ndogo kabisa ya wajibu huo.

Kesho, yule anayetaka kusherehekea asherehekee, bila kumzomea jirani. Yule anayehuzunika ahuzunike, bila kutukana. Yule aliyechoka apumzike kidogo, kisha arudi. Keshokutwa tukutane tena kwenye kazi yetu. Na raisi mpya, ambaye baba yake alituambia miaka yote kwamba raia kwanza, tutampima kwa kitu hiki cha kwanza: atakubali raia waone karatasi, ama hapana?

Kindu, tarehe 23 Januari 2019