Siri yetu na makuta yetu vikae katika simu moja

Vijana wenzetu wa Kasaji, wa Dilolo, wa Mutshatsha na wa Kolwezi, raia wote wa Lualaba,

Simu si kitu cha kujionyesha tena. Ndani ya simu mama wa soko anapokea makuta ya mihogo aliyopeleka Kolwezi. Mzazi anamtumia mtoto feza ya masomo Lubumbashi. Mwanafunzi anangojea matokeo ya mtihani wa serikali. Mchimbaji anauliza bei ya mawe kabla hajauza. Na sisi tunaitana mkutano kwa WhatsApp. Kila siku simu inajua zaidi juu yetu: nani rafiki, nani anatuma feza, tulilala wapi, tulipiga picha gani.

Ndiyo maana tunataka kusema leo juu ya jambo ambalo wengi wanafikiri ni la wazungu au la watu wa kompyuta tu: simu yenye mfumo wa kulinda siri, na kama mtu anaweza kuishi nayo hapa kwetu bila kukosa programu anazohitaji kila siku. Jibu letu ni ndiyo, anaweza, karibu kwa yote. Na pale inaposhindikana, mara nyingi si simu inayoshindwa. Ni watu walioamua kutufungia mlango.

Kwa nini jambo hili ni letu

Kila tukizungumza habari hii, mtu anatuambia: «Miye niko mutu mudogo, nani atanifwata? Sina kitu ya kuficha.» Tunamheshimu, lakini tunamkumbusha historia ya inchi yetu.

Mwezi wa kwanza 2015, wakati watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti na SMS. Tarehe 15 Machi 2015 vijana walikamatwa Kinshasa katika mkutano wa kuzindua Filimbi, na wengine, kama Fred Bauma na Yves Makwambala, walikaa gerezani hadi Agosti 2016. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa tena, karibu majuma matatu. Kisha ikaja RAM, ile orodha ya simu iliyoanza 2020: kila simu iandikwe kwa namba yake, na mwenye simu akatwe inite, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na hadi dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Raia walipiga kelele, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kelele ya raia inafaa.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme mtu anapiga picha ya barieri ambapo wanalipisha watu wa baiskeli bila risiti. Au picha ya mto uliobadilika rangi karibu na mine. Analeta kwetu. Siku simu ya mmoja wetu inachukuliwa, huyo mtu anakuwa hatarini, hata kama yeye mwenyewe hakukamatwa. Simu moja iliyofunguliwa inaonyesha majina ya wote. Kwa hiyo ukisema «sina kitu ya kuficha», fikiria wale waliokuamini. Siri iliyo ndani ya simu yako, nusu yake ni mali ya watu wengine.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya maisha yake ya siri kuheshimiwa, pamoja na siri ya barua na mawasiliano yake. Ni haki iliyoandikwa, hatuombi zawadi.

Simu ya namna hii iko namna gani

Mfumo tunaoujua zaidi unaitwa GrapheneOS. Msingi wake ni Android, ile ile iliyo katika simu zetu nyingi, lakini umefanywa kuwa mgumu kuvunja, na haukuji na programu za Google ndani. Ni wa bure, na kila mtu anayeweza kusoma kanuni zake anaruhusiwa kuzichunguza.

Tuseme ukweli tangu mwanzo: hadi tunapoandika haya, mfumo huu unaingia katika simu za Google Pixel tu. Tecno, Itel na Infinix, ambazo ndizo zinajaa soko letu, hazimo. Pixel inapatikana ya mitumba, kwa bei kubwa kuliko Itel, na hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza: Pixel nyingi zilizouzwa Marekani na kampuni ya Verizon zimefungwa, hazikubali kuwekewa mfumo mwingine. Jaribu kabla ya kulipa. Wa pili: simu ya zamani sana haipati tena masasisho ya usalama. Pixel 6 na 7 zilipewa miaka 5 tangu kutoka kwake, Pixel 8 na za baadaye miaka 7. Hesabu kwanza.

Kuuweka hakuhitaji fundi mkubwa. Unahitaji kompyuta, waya mzuri wa USB, na mega za kutosha, juu faili lenyewe linapita gigabaiti moja. Kwa sisi hiyo ni gharama. Vijana watano au kumi wanaweza kuchanga, wakapakua mara moja fasi mtandao uko mzuri, kisha wakasaidiana.

Programu za kila siku, moja moja

Tumetumia simu ya namna hii katika kazi zetu za kila siku. Haya ndiyo tuliyoona.

Makuta ya simu yanafanya kazi. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, hapa watu wengi wanazitumia kwa namba za nyota na diezi, si kwa programu. Namba hizo zinapita katika SIM, kwa hiyo mfumo wa simu hauzizuii. Mama wa soko hatapoteza hata franga moja kwa kubadili mfumo.

WhatsApp inafanya kazi. Na hapa kuna kitu kizuri: WhatsApp ikiomba majina yote ya simu, unaweza kuipa yale uliyochagua tu. Yenyewe inafikiri imepata yote, kumbe inaona watu kumi badala ya mia tatu. Ni vile vile kwa picha: unaonyesha faili moja, zingine zinabaki zimefichwa.

Signal inafanya kazi bila Google kabisa, na ujumbe unaweza kujifuta baada ya muda mnaochagua. Tangu 2024 unaweza kutumia jina badala ya kuonyesha namba yako ya simu.

Ramani: Organic Maps inapakuliwa mara moja na kutumika bila mtandao. Kwa mtu wa pikipiki anayetoka Kasaji kwenda vijijini, hiyo ni faida hata kama habari ya siri haimsumbui.

Kamera ya mfumo huu inaondoa yenyewe zile habari zinazofichwa ndani ya picha, kama simu ya aina gani ilipiga.

Na programu zinazodai Google? Unaweza kuweka Google Play ukitaka. Tofauti ni kwamba katika simu ya kawaida Google anakaa kama mwenye nyumba, anashika funguo zote. Hapa anakaa kama mgeni sebuleni: anaona kile ulichomwonyesha. Unaweza hata kumweka katika akaunti ya pembeni ndani ya simu ile ile, pamoja na programu usizoziamini, na kuifunga ukimaliza. Na programu yoyote, kwa mfano tochi au kikokotoo, unaweza kuikatia intaneti isipeleke chochote inje.

Mwisho, simu ikikaa masaa 18 bila kufunguliwa inajizima na kujiwasha yenyewe, na hapo vitu vyote vya ndani vinarudi kufungwa kabisa. Kwa kijana ambaye simu yake imechukuliwa jioni, masaa hayo yana maana.

Pale mlango unapofungwa

Kuna programu moja ya benki iliyotukataa. Ilifunguka, ikaangalia simu, ikasema kifaa hiki si salama, ikajifunga. Hatutaji jina lake, juu si yeye peke yake, na shida yenyewe ni kubwa kuliko benki moja.

Inatokea hivi. Google inawapa watengenezaji wa programu njia ya kuuliza: je, simu hii imekubaliwa na sisi? Benki inayotaka jibu la «ndiyo» tu itakataa GrapheneOS, hata kama simu hiyo imepata masasisho ya usalama juma hili. Lakini simu ya zamani, ambayo miaka minne haijapata sasisho hata moja, inaweza kupita, juu ilitoka kiwandani na muhuri wa Google. Hapo swali si usalama tena. Swali ni muhuri. Ni kama mlinzi anayemfukuza mtu mwenye mlango wa chuma na kumkaribisha mwenye mlango wa mbao uliooza, kwa sababu ule wa mbao una karatasi.

Tena njia nyingine iko. Android yenyewe ina namna ya kuhakikisha, kwa chombo kilicho ndani ya simu, kwamba mfumo ni wa kweli na haujaguswa. GrapheneOS inaikubali. Benki ikitaka, mafundi wake wanaweza kuitumia. Kinachokosekana ni nia.

Hapo ndipo tunaona jambo la raia. Mtu akilazimishwa kuchagua kati ya siri yake na makuta yake, atachagua makuta, maana watoto wanataka kula. Hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana haki ambayo haikubali maisha ya kila siku inabaki haki ya karatasi.

Na tukumbuke: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, na sehemu kubwa katika ardhi hii ya Kolwezi. Inaingia katika betri za simu za dunia nzima. Si haki kijana wa Lualaba awe mtu wa mwisho kuulizwa simu yake ifanye nini.

Kile ambacho simu haiwezi

Hatutaki kudanganya mtu. Hakuna mfumo unaokuficha kwa kampuni ya simu. SIM yako imeandikwa kwa jina lako. Kampuni inajua mnara uliokushika, namba uliyopigia, na kila feza uliyotuma. Simu ya kawaida na SMS havina siri. Kama umeweka mfumo mgumu halafu ukapanga mkutano kwa SMS, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Na kikundi cha watu mia mbili hakina siri, hata kama wote wana Signal: mmoja tu akitoa simu yake, yote yametoka.

Kwa wandugu wenye Tecno au Itel, ambao ni wengi wetu, msingoje Pixel. Leo hii:

– Weka namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi, isiwe mwaka wa kuzaliwa.
– Ondoa ruhusa ya majina, ya mahali na ya maikrofoni kwa programu zisizohitaji.
– Tumia Signal kwa mambo ya kazi, na weka ujumbe ujifute.
– Usipakue WhatsApp za rangi rangi zinazotembezwa mkono kwa mkono.
– Pokea masasisho, hata yakila mega.
– Usiache jina na picha ya aliyekuletea habari ndani ya simu kuliko siku inayohitajika.

Tunaomba nini

Kwa benki na kampuni za makuta ya simu: mtukubali kwa usalama wa kweli wa simu, si kwa muhuri wa kampuni moja ya inje. Na mlinde njia ya nyota na diezi. Siku mtakapolazimisha kila mtu kutumia programu, mtawaacha nyuma mama wenye simu ndogo pamoja na vijana wenye simu iliyolindwa.

Kwa serikali na ARPTC: Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumza juu ya kulinda habari za watu. Itumike kwa kulinda raia, si kwa kumtafuta. Huduma ya umma ikiwekwa katika simu, ifunguke katika simu yoyote, na njia ya kwenda ofisini ibaki. Na RAM isirudi kwa jina lingine.

Kwa polisi na watu wa usalama: simu ya raia si mfuko wa kupekua barabarani. Kifungu cha 31 kinawahusu pia.

Kwa vijana: tujifunze na tufundishane. Mwenye kujua kuweka mfumo amsaidie mwingine bila kumlipisha. Mwenye kukataliwa na programu aandike malalamiko kwa kampuni, aweke nakala, atuletee. Barua moja wataitupa. Barua mia watazihesabu.

RAM iliondoka kwa sababu watu wa kawaida, wenye simu ndogo na inite kidogo, walikataa kunyamaza. Hatuna sababu ya kuwa wanyonge leo. Tunataka simu inayotuma makuta kwa mama, inayoleta masomo kwa mtoto, na inayonyamaza juu ya yale tuliyoiambia. Vyote vitatu, katika simu moja.

Imeandikwa Kasaji, na vijana wa harakati ya raia.