Nani Kasema Kila Sabuni Lazima Iuzwe?

Mwambie mtu hapa Dar es Salaam kwamba mwisho wa wiki unatengeneza sabuni nyumbani. Hatauliza inanukiaje wala umetumia mafuta gani. Atauliza kipande unauza shilingi ngapi. Ukimjibu kwamba huuzi, atakuonea huruma, kisha atakuelekeza kwenye semina ya ujasiriamali.

Imani hii, kwamba ujuzi usioingiza pesa ni kupoteza muda, imeota mizizi, nami nasema ni imani mbovu. Wapo kina mama wanaosomesha watoto kwa sabuni, na heshima yao iko palepale. Ninachokataa ni kuifanya biashara iwe sababu pekee ya mtu mzima kujifunza jambo. Wanaume wanacheza bao tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, na hakuna anayewadai hesabu ya faida.

Tazama semina zenyewe. Ukumbi mzima unapewa karatasi moja: kostiki soda, mafuta ya mise (kokwa za chikichi), sodiamu silikati ya kuongeza ugumu na uzito, rangi, manukato. Wiki inayofuata mtaa mzima una sabuni ileile, na mteja ni shemeji aliyeona aibu kukataa. Kwa nini mise na si alizeti? Hakuna aliyeuliza, maana swali hilo haliingizi kitu.

Anayetengeneza kwa kupenda ana nafasi ya kuuliza. Atajua kwamba sabuni ya mafuta ya nazi matupu hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, ila hukausha ngozi. Mawese mekundu yataipa rangi ya chungwa bila rangi ya dukani. Binzari ya manjano ikikutana na kostiki itamshangaza kwa kugeuka nyekundu. Na mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba, yatamgandishia mchanganyiko ghafla kabla hajaumimina kwenye kisanduku. Mfanyabiashara akigandiwa hivyo amekula hasara. Huyu mwenzetu amepata cha kuchunguza Jumamosi ijayo.

Halafu kuna kungoja. Sabuni iliyotengenezwa bila kuchemshwa inafaa ikae wiki 4 hadi 6 penye hewa, maji yapungue, iwe ngumu na idumu bafuni. Mkopo wa kikoba hauna subira hiyo. Marejesho yanadaiwa, sabuni bado laini rafuni, na hapo ndipo silikati inapoonekana mkombozi. Asiyedaiwa na mtu anaiacha ikauke taratibu, na ndiyo maana mara nyingi sabuni yake ni bora kuliko ile ya haraka.

Wengine watasema kostiki ni hatari. Kweli, inaunguza ngozi na inapofusha, hilo si la mzaha. Lakini hatari hiyo haipungui kwa sababu mtu anauza. Inapungua kwa vipimo. Gramu 600 za mafuta ya nazi na 400 za mawese zinahitaji gramu 158 hivi za kostiki, ukiacha asilimia 5 ya mafuta yabaki bila kugeuka sabuni. Hapo kikombe na kukadiria kwa macho havifai, ni mizani tu. Vaa glavu na miwani, tia kostiki kwenye maji na kamwe usitie maji kwenye kostiki, na sufuria ya aluminiamu iweke mbali kwa sababu kostiki huila. Watoto walale kwanza.

Ukitaka kuuza, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, maana sabuni inayoingia sokoni ni haki ikaguliwe. Usipotaka, huna haja ya kumwomba mtu radhi. Nunua mizani kabla ya manukato, anza na kilo 1 ya mafuta, na atakayekuuliza bei mpe kipande akaoge.