Ostia, mji wa kutembea peke yako

Wageni wengi wanaofika Roma huwa wamekwisha kupangiwa safari ya Pompeii kabla hawajashuka kwenye ndege. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwenda kusini, kisha foleni, jua la utosi, na mwongozaji mwenye kibendera anayeswaga watu arobaini kama mbuzi wa mnada. Siku hiyohiyo, katika stesheni ya Porta San Paolo, treni ya kawaida iliyojaa watu waendao kuogelea baharini huondoka kila mara, na kwa nusu saa hivi humfikisha abiria Ostia Antica. Hiyo ndiyo treni ya kupanda. Mwongozaji abaki Roma.

Si kwamba waongozaji ni watu wabaya. Shida ni kwamba wamezoea kuuza makaisari, na Ostia haikuwa mji wa makaisari. Ilikuwa bandari ya Roma, pale mto Tiber ulipoingia baharini, na jina lake lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mdomo. Ngano iliyowalisha Waroma ilitoka kwa wingi Misri na Afrika ya Kaskazini. Hapa ilipimwa, ikatiwa ghalani, ikapakiwa kwenye mashua na kuvutwa kupanda mto. Hata Kaisari Klaudio alipoanza mwaka 42 kujenga bandari mpya kilomita chache kaskazini, makarani, hamali, waokaji na mawakala wa meli waliendelea kuishi Ostia. Mtu aliyekulia Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa sana mji wa namna hiyo.

Anayeingia kwa lango la Porta Romana huifuata barabara kuu, Decumanus Maximus, iliyotandikwa mawe makubwa meusi na yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Kulia na kushoto ni fremu za maduka, moja baada ya nyingine. Kuna kambi ya zimamoto. Kuna ukumbi wa maonyesho ulioanza kujengwa zama za Augusto na kupanuliwa baadaye. Maandishi ya ukumbi huo ya mwaka 196 yanamtaja Septimio Severo, kaisari aliyezaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Wengi hupanda ngazi za ukumbi, wakapiga picha, wakashuka.

Wangezunguka nyuma! Huko kuna uwanja ambao unatosha kuifuta safari nzima ya Pompeii. Umezungukwa na vyumba vidogo kama sitini, na mbele ya vingi sakafu imepambwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe. Hapa pana meli mbili na mnara wa taa, pale pana pishi ya kupimia nafaka. Wenye meli wa Karthago wameandika jina lao. Wa Sabratha, mji wa pwani ya Libya, wamechora tembo. Asiyejua hata neno moja la Kilatini anaelewa kuwa alama hizo ziliwafaa watu wenye haraka. Nusu saa haitoshi hapo, na hakuna kundi linalopewa nusu saa.

Mbele zaidi, katika mtaa wa Diana, kuna mgahawa. Nje ya mlango vimejengwa vibaraza vya kukalia, ndani kuna kaunta ya marumaru na mchoro wa vyakula ukutani, na nyuma ua wenye chemchemi. Jirani yake zimesimama nyumba za ghorofa za matofali ya kuchoma, zilizokaliwa na wapangaji. Karibu pia kuna kinu, na mawe yake meusi ya kusagia, yaliyozungushwa na punda, hayajaondoka. Halafu choo cha umma: viti vya marumaru karibu ishirini, bega kwa bega, bila kizuizi chochote. Watoto hupapenda kuliko mahekalu yote, na hawakosei. Waroma wenyewe walikuwa na mzaha huo, kwani katika jengo moja la Ostia wamechorwa wanafalsafa wa Kiyunani wakitoa mawaidha kuhusu haja kubwa na namna ya kujamba kimyakimya.

Watetezi wa waongozaji wana hoja moja nzito. Vibao ni vichache, na mtu anaweza kupita chumba chenye giza asijue kuwa ni hekalu la Mithra, mungu ambaye ibada yake imeacha hapa mahali zaidi ya kumi. Majina ya nyumba nayo hayakutoka kwa wenyeji. Wachimbuaji ndio waliozibatiza. Tena sehemu kubwa ya kinachoonekana ilifukuliwa kati ya 1938 na 1942, chini ya Guido Calza, kwa pupa ya kuwahi maonyesho makubwa ya serikali ya Mussolini. Vita vikaja, maonyesho yasifanyike, na tabaka za karne za mwisho za mji zilikuwa zimeshakwanguliwa bila kumbukumbu za kutosha.

Lakini dawa ya hayo ni kusoma jioni moja kabla ya safari na kubeba ramani, maji na kofia. Kuweka sauti ya kukodi sikioni hakusaidii. Sauti hiyo nayo ni mwongozaji, ila haina kibendera.

Mwisho wa barabara ni Porta Marina, lango la baharini. Mtembeaji hutafuta bahari asiione, kwa kuwa karne nyingi za tope la mto zimeisukuma kilomita kadhaa. Nje ya lango kuna sinagogi lililogunduliwa mwaka 1961 wakati wa kujenga barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Fiumicino. Mwaka 387 Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alifia katika mji huu akiwa na mwanawe, wakisubiri meli ya kuwarudisha kwao Afrika. Leo pwani ile ni nyasi na misonobari, na ndege za Fiumicino hupita juu, chini kiasi cha kusomeka majina ubavuni.