Baridi Haiui Vijidudu

Wengi wetu hudhani kwamba chakula kikishatiwa ndani ya friji kimekwisha salimika, na vijidudu vyake vimekufa kwa baridi. Dhana hii si sahihi, na yafaa wenye nyumba waijue sababu yake.

Kila bakteria amezungukwa na utando mwembamba mno, usiofika unene wa sehemu moja ya laki moja ya milimita. Hapo ndipo kipitapo chakula chake, na sehemu kubwa ya utando huo ni mafuta. Basi, ndugu msomaji, tazama chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe: yameganda, na ya simsim yaliyo kando yake yangali yakimiminika. Asidi za mafuta ya nazi, nyingi zimenyooka kama fito, hulaliana zikashikamana; za simsim nyingi zimepindika, hazibanani. Utando wa bakteria nao ukipatwa na baridi hutaka kuganda, na ukiganda riziki yake haipiti.

Lakini viumbe hawa hubadili mafuta yao. Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu, kwenye baridi huzidisha asidi zilizopindika. Kwenye joto huzidisha zilizonyooka, utando usije ukalegea. Mwaka 1974 mtaalamu Michael Sinensky alionyesha kwamba kwa njia hiyo ulaini wa utando wake hubaki ule ule.

Wa kuogopwa katika friji ni Listeria monocytogenes. Yeye hutumia zaidi asidi zenye kitawi karibu na ncha. Na afungaye mzigo wa fito zisizokatwa matawi ajua kwamba haukazi! Kwa hila hiyo huzaana, ingawa polepole, hata kwenye digrii 4 za Selsiasi. Huko Afrika ya Kusini, mwaka 2017 na 2018, ugonjwa wake ulienea kwa nyama ya kusaga ya kiwandani iitwayo polony. Waliougua walipita 1,000, waliokufa walizidi 200, na katika hao watoto wachanga walikuwa wengi. Mama mjamzito huenda akahisi homa kidogo tu, na mtoto aliye tumboni akafa.

Moto ndio usioshindwa na hila hii, maadamu chakula kimechemka mpaka ndani. Kwa hiyo mjamzito asinywe maziwa mabichi, wala asile nyama za kiwandani zikiwa baridi. Na kiporo kisiwekwe siku nyingi kwa kuwa hakinuki, kwani Listeria hukua pasipo kubadili harufu wala ladha.